Choroko Ubavuni mwa Baba

Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, mama yangu alifariki katika nyumba yake kule Chome. Tulimzika Jumatatu upande wa juu wa shamba la kahawa. Mchungaji akasoma, tukaimba, watu wakala, wakaondoka. Mama alikuwa mzee sana na hakuumwa muda mrefu. Kila aliyenipa pole aliniambia nimshukuru Mungu kwa umri ule, nami nikasema ndiyo, nashukuru. Nilikuwa nimelia kiasi changu, nikadhani nimemaliza.

Wanawake waliopika msibani walikuwa wameloweka choroko kwenye beseni, kisha, kwa kuwa nyama ilitosha, wakazichuja maji wakazisahau nyuma ya mlango wa jikoni, zimefunikwa na gunia bichi. Alhamisi, watu walipokwisha kutawanyika, niliingia kufagia, nikaisikia harufu kabla sijaona kitu. Haikuwa harufu ya kuoza. Ilikuwa harufu ya udongo mahali pasipo na udongo, ya ubichi na baridi, kama inayotoka kwenye mdomo wa pango. Nikainua gunia. Zilikuwa zimeota zote, nyeupe, zimejikunja, zimesukumana mpaka zikavimba juu ya beseni, na kila moja bado imevaa ganda lake la kijani kichwani.

Mkamwana wangu akaja nyuma yangu. "Mama, hizo zimeharibika. Nizimwage?"

"Ngoja kwanza."

"Tunangoja nini sasa?"

Nilivuta kigoda nikakaa, na kilio ambacho nilidhani kimekwisha kikaanza upya, lakini safari hii sikuwa namlilia mama peke yake. Ninaandika haya kwa wenzangu wa rika langu, sisi tuliozaliwa Mwingereza akiwa bado anatawala, tuliokwenda shule peku na kuacha mapema. Nadhani wengi wetu tuna kitu kama hiki ambacho hatujawahi kuwasimulia watoto.

Baba yangu alikuwa mtu wa Mombasa. Namaanisha alizaliwa Chome kama sisi sote, lakini maisha yake ya kazi yalikuwa Mombasa, kama wanaume wengi wa kwetu walioshuka mlimani wakapanda treni pale Same na kurudi mara moja kwa mwaka. Aliajiriwa katika hoteli ya Wachina karibu na bandari, ambako mabaharia walikuwa wakija kula. Alianza kwa kuosha vyombo, baadaye akapewa kisu akawa mkata mboga. Mwaka mmoja alikosa likizo, basi mama na mimi tukamfuata. Nilikuwa sijaanza shule. Kwenye treni nakumbuka vumbi jekundu na mama akinishika gauni nisichungulie dirishani, na tulivyobadilisha treni Kahe, watu wakipigana vikumbo na mizigo yao. Mengine nimeyasahau, sitasema uongo.

Lakini chakula kile sijakisahau. Baba alitukalisha juu ya masanduku ya mbao nje ya mlango wa nyuma wa jiko la hoteli, akatuletea sahani moja yenye moshi. Kulikuwa na vitu vyeupe virefu vinavyong'aa kwa mafuta, vipande vyembamba vya nyama, tangawizi, vitunguu saumu, na mchuzi mweusi wa chumvi ambao sijui niufananishe na nini. Vile vyeupe ukivitafuna vilikuwa vinalia. Nilicheka, nikavitafuna karibu na sikio la mama ili naye asikie.

"Hii ni mizizi ya mti gani?" mama akamuuliza baba.

"Mizizi!" Baba akacheka mpaka Mchina mzee mwenye hoteli akachungulia. "Mke wangu, hiyo ni choroko. Zile zile choroko za Kihurio, kule bondeni kwetu."

"Usinifanye mtoto. Choroko naijua mimi tangu sijaota meno."

"Basi njoo uone."

Mama hakwenda, aliona haya kuingia jikoni kwa watu. Nilikwenda mimi. Chini ya ngazi kulikuwa na mlango mdogo, na baba alipoufungua kidogo, baridi ikatoka, katika mji ule wa joto. Ndani kulikuwa giza. Nilisikia maji yakidondoka, tone baada ya tone. Polepole nikaona madebe yamepangwa ukutani, yamefunikwa na magunia yaliyolowa, kama watu waliofunikwa shuka. Gunia moja lilikuwa limeinuka katikati. Nilikuwa na hakika kwamba kitu kilicho chini yake kilikuwa kinalisukuma, na kusema kweli kilikuwa kinalisukuma.

"Zinaota gizani," baba akaninong'oneza. "Zikiona mwanga zinakuwa chungu." Akafunga mlango upesi.

Tangu siku ile nilikuwa na chakula nilichokipenda kuliko vyote duniani, na kilikuwa kinatoka katika chumba nilichokiogopa kuliko vyote. Tuliporudi Chome, kila mama alipoweka makande mezani nilimwuliza lini tutakula kile cha Mombasa, na mama alikuwa anasema, baba yako akija.

Baba alikuja. Nilikuwa darasa la pili. Baba mdogo Kajiru, mdogo wake baba ambaye alikuwa akilima mpunga Kihurio, alipata habari kwamba kaka yake ameteremshwa Same na hawezi kusimama. Akakusanya vijana wa ukoo wakambeba kwa machela mpaka juu, wakipokezana. Niliwaona wakitokeza kwenye kona ya shamba letu katika ukungu, miguu yao kwanza, kisha ile machela katikati yao. Nikakimbia kumpokea baba kama nilivyozoea. Juu ya machela kulikuwa na blanketi, na chini ya blanketi hapakuwa na kimo cha mtu. Nikasimama. Kisha blanketi likakohoa.

Daktari wa Mombasa alikuwa amemwambia arudi kwao akapate hewa ya milimani. Hewa hiyo tulikuwa nayo tele. Ilikuwa masika, na ukungu wa msitu wa Shengena ulikuwa unateremka asubuhi na mchana, unaingia mlangoni bila hodi, unakaa ndani na sisi. Bibi, mama yake baba, aliwasha moto katika chumba cha mgonjwa na akaagiza usizimwe. Kikombe cha baba kilifungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, na bakuli lake likawekwa kwenye rafu ya peke yake. Niliambiwa nisivitumie. Nilidhani ni kwa heshima, kwa kuwa ametoka mbali.

Na baba hakuwa akila. Hilo ndilo lililokuwa nyumbani kwetu kila saa. Mama alimpelekea uji, ukarudi na utando juu. Alimpelekea ndizi za kuponda, akachinja kuku wake wa mwisho anayetaga akampelekea supu. Vyote vilirudi. Sikuwa nikielewa magonjwa, lakini mtu anayerudisha supu ya kuku nilielewa kwamba amefika pabaya.

"Kaka, usipokula utakufa," baba mdogo Kajiru akamwambia waziwazi. Yeye hakujua kuzungushazungusha maneno.

"Kajiru!" mama akamkemea.

"Sasa nimwambie nini, shemeji? Kwamba anapendeza?"

Baba akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na sote tukangoja kipite. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu cha aibu, "Ile ya Mchina ningeila."

Akanyoosha mkono chini ya kitanda, akavuta sanduku lake, na kutoka ndani ya shati lililokunjwa akatoa chupa ndogo yenye kitu cheusi. Hicho ndicho alichobeba kutoka Mombasa. Watu wengine walirudi na baiskeli, baba alirudi na nusu chupa ya mchuzi. Nilidhani ni dawa.

Siku iliyofuata baba mdogo alishuka Kihurio, akarudi na choroko za mbegu zimechanganywa na majivu kama wanavyozihifadhi kule. Mama aliosha majivu akaanza kazi. Alifanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya. Sisi tunajua kuloweka, maharage ya makande yanalala ndani ya maji, kwa hiyo mama alizijaza maji chunguni akaziacha jikoni zilale. Zililala kweli. Chome ya masika si Mombasa, maji ya mfereji yalikuwa yanauma vidole. Zilivimba, zikatoa povu, zikanuka. Mama akamwaga nyuma ya nyumba, akajaribu tena. Safari hii aliziweka darini juu ya meko, mahali tunapotunza mbegu zote, akidhani kwamba mahali pa mbegu ndipo mbegu itakapojisikia iko kwao. Moshi ukazikausha zikawa nyeusi kama punje za pilipili manga.

Bibi alikuwa ameketi pembeni ya moto akiyaona yote. "Mnaharibu mbegu za watu," akasema.

"Ni za mwanao, mama," mama akamjibu kwa upole.

"Mwanangu hali mbegu iliyoota. Mbegu ikiota ndani ya nyumba, hiyo nyumba imeshindwa kutunza."

Baba alikuwa amesikia yote kupitia ukutani. Akaita. Tukaingia, na alikuwa ameketi kitandani, macho yanang'aa, mashavu mekundu. Homa ilikuwa inampanda kila siku, na ilipompanda alikuwa anaonekana mzima kuliko sisi.

"Zinataka joto," akasema. "Joto na giza. Na maji yapite, yasikae. Mnasumbuka na meko ya nini? Toboeni kopo, mzilete hapa. Mimi nina joto."

Mama akatoka, akachukua kopo la samli, akalitoboa matundu chini kwa msumari. Aliweka choroko zilizolowa, akafunika kwa kitambaa kibichi, akalifunga lote kwa jani la mgomba lililopashwa motoni ili baba asilowane. Baba akainua blanketi kwa mkono mmoja. Mama akalilaza kopo ubavuni mwake, na blanketi likashuka.

Baba mdogo Kajiru alipoingia akaona ule uvimbe ubavuni, akasimama mlangoni mikono kiunoni. "Jamani! Kaka amekuwa kuku anaatamia."

"Nyie wa Kihurio mnajua mpunga tu," baba akamwambia. "Tulia ujifunze."

"Basi ukiangua, niwekee jogoo mmoja."

Tulicheka sote isipokuwa bibi. Yeye aliinuka, na siwezi kusahau alivyosema, kwa Kipare, bila hasira yoyote, kama anayetaja hali ya hewa. "Mtu si shamba. Mbegu ikiota juu ya mtu, huyo mmekwisha kumfanya udongo." Akatoka nje akasimama kwenye ukungu.

Mimi nilipewa kazi ya kopo. Asubuhi kabla ya shule, na tena nikirudi, nililitoa chini ya blanketi, nikazimwagia choroko maji ya uvuguvugu katika kona yenye giza, nikaacha yapite matunduni, kisha nikalirudisha. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeona. Kwanza maganda yalipasuka. Kisha kila punje ikatoa jino jeupe. Kisha jino likawa mkia. Kila nilipofunua kitambaa harufu ile ilinipanda usoni, harufu ya kile chumba cha chini ya ngazi, na sasa kilikuwa nyumbani kwetu, kitandani mwa baba. Na kila nilipoinua blanketi niliuona ubavu wa baba. Mifupa yake ilikuwa inahesabika. Choroko zilikuwa zinanenepa na baba alikuwa anakonda.

Mtoto huunganisha vitu alivyonavyo, na mimi nilikuwa na hivyo viwili. Niliona waziwazi kwamba choroko zinavuta joto la baba na kukua nalo. Maneno ya bibi yalinithibitishia. Lakini sikukata tamaa, kwa sababu nilikuwa na hesabu yangu. Baba atazila. Akizila, joto lote lililoingia kwenye choroko litarudi kwake mahali pake, pamoja na faida. Kilichonitisha ni kitu kimoja tu, kwamba pengine hatazimaliza, na joto lake litabaki kwenye bakuli.

Siku ya kupika ilikuwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Baba mdogo alikuwa ameazima karai la chuma kwa fundi aliyekuwa akijenga nyumba ya mwalimu, na mama alilisugua kwa mchanga mpaka saruji yote ikatoka. Baba alitaka kusimamia mwenyewe, basi wakambeba na kigoda chake mpaka mlangoni pa jiko, amejifunga blanketi. Kopo lilifunguliwa. Zilisimama zote pamoja kama kichwa chenye nywele nyeupe. Hata bibi alinyoosha shingo.

"Kuni kavu," baba akaamuru. "Moto uwake kweli kweli. Moto wa makande hauwezi hii kazi."

"Utaunguza nyumba," mama akasema.

"Weka mafuta. Ngoja. Ngoja yatoe moshi. Bado. Bado. Sasa tangawizi!"

Karai likalia sauti ambayo jiko letu halikuwahi kuisikia. Chakula chetu huchemka taratibu tangu asubuhi, hiki kilikuwa kinapiga kelele. Mama alirudi nyuma akageuza uso, akitikisa mwiko kwa urefu wote wa mkono wake, na baba akawa anampigia kelele kwa furaha, "Geuza, mama Nakundwa! Geuza, usizionee huruma!" Nakundwa ndiye mimi. Nyama ikaingia, choroko zikaingia zote kwa mkupuo, na mwisho baba mwenyewe akamimina ule mchuzi mweusi. Moshi ukapanda wenye harufu ya Mombasa yote. Nilimeza mate mpaka koo likaniuma.

Mama alipakua bakuli la baba kwanza, likajaa. Hakubakisha kitu karaini.

Baba akala. Tulimwangalia akitafuna, na tukasikia zile choroko zikilia mdomoni mwake, na mama akaziba mdomo wake kwa upindo wa kaniki. Alipofika nusu alinyoosha kijiko kwangu. "Nakundwa, njoo. Wewe ndiye uliyezilea."

Nilipiga hatua. Mama akanishika bega kwa nguvu. "Usile kwenye bakuli la baba. Ni lake peke yake."

Baba alimtazama mama, kisha akakishusha kijiko. Leo najua mama alikuwa anaogopa nini kwenye bakuli la mgonjwa wa kifua, na najua baba alielewa nini pale pale, na ni lazima ilimuuma. Siku ile nilifurahi. Nilidhani mama naye anajua habari za joto, kwamba nikila kijiko kimoja nitakuwa nimemla baba. Nikarudi nyuma, nikamwambia, "Maliza, baba." Nilitamani chakula kile kuliko kitu chochote, na nilimwambia amalize.

Akamaliza.

Na akapata nafuu. Hilo ni kweli, nimewauliza waliokuwepo wakati walipokuwa hai na walisema hivyo hivyo. Kesho yake jua lilitoka, akaomba akae nje. Aliomba wembe, baba mdogo akamnyoa. Alikunywa uji wote. Alianza kusema akipona atafungua hoteli pale Same, karibu na stesheni, awauzie chakula cha Kichina wasafiri wa treni, na baba mdogo akamwuliza nani mwenye akili timamu atalipia choroko zilizooza.

"Hata bwana shauri, yule Mzungu wa wilaya, atakuja kula," baba akasema. "Atamwacha mpishi wake bomani."

"Akija, wewe ndiye utakayemwambia zimeota wapi?"

Mama alikuwa anacheka ndani, nilimsikia. Bibi peke yake hakubadilika. Alikuwa anamtazama mwanawe juani kama mtu anayeangalia maji ya mfereji yakipita, akijua zamu yetu ya kumwagilia inakaribia kwisha.

Baba akataka zile choroko tena. Mama akaloweka nyingine, nikatoboa matundu yaliyokuwa yameziba, na kopo likarudi ubavuni mwa baba. Nilifanya kazi yangu kama kwanza. Lakini safari hii maganda hayakupasuka siku yake. Zilivimba tu, zikakaa. Nilimwambia mama. Alikuja mwenyewe, akaingiza mkono chini ya blanketi, si kwenye kopo, akauacha mle muda mrefu.

"Mama, zimeharibika?"

"Ngoja. Pengine zinachelewa."

Ukungu ulikuwa umerudi. Baba hakutaka tena kutoka nje, akalala ameelekea ukutani. Nilipoingia alikuwa ananisikia bila kugeuka, na alikuwa ananiuliza jambo lile lile, "Zimetoa jino?" Nikawa namjibu, "Bado, baba." Kisha anasema, "Haya, warudishie maji." Alisema hivyo, warudishie, kama anayesema habari za watu.

Asubuhi ya mwisho niliingia na maji yangu ya uvuguvugu. Moto wa chumbani ulikuwa unawaka vizuri, bibi alikuwa ametoka kuongeza kuni. Baba hakuniuliza kitu. Nilidhani amelala, nikatembea kwa vidole nisimwamshe. Nikainua blanketi kidogo, nikalitoa kopo, na jani la mgomba lilikuwa baridi. Nikalifungua kwenye kona. Choroko zilikuwa kama tulivyoziweka, ngumu, kijani, na juu yake utelezi. Hakuna hata moja iliyopasuka. Sikumtazama baba usoni. Kazi yangu ilikuwa kopo, na kwa macho yangu msiba wote ulikuwa mle kopani: chakula hakitakuwepo, na baba hatakuwa na cha kula.

Nikatoka nalo mpaka nje. Mama alikuwa anatwanga mahindi.

"Mama, hazijaota," nikasema. "Na kopo ni la baridi."

Mchi ulikuwa juu. Mama hakuushusha kwenye kinu, aliuegemeza ukutani polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akajifuta mikono, akaingia ndani. Nilimsikia akimwita baba kwa jina lake, jina ambalo hakuwa akilitamka mbele yetu. Akaita mara nyingine. Bibi akaacha kuni alizokuwa anakusanya uani, akaingia naye, mlango ukafungwa. Nilibaki uani na kopo langu.

Mama alipotoka alikuwa amejifunika kaniki kichwani. Alinichukulia kopo mikononi, akaliweka chini.

"Nenda mferejini kamwite baba yako mdogo."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje."

Nilikimbia. Baba mdogo Kajiru alikuwa na wanaume wengine wa ukoo, wamesimama ndani ya mfereji mpaka magotini wakitoa matope, wanataniana. Mmoja alikuwa ameanguka majini na wenzake wanamcheka.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mama. Mbona unahema hivyo? Baba yako amekula?"

"Bado. Choroko hazikuota. Kopo lilikuwa la baridi. Mama anasema uje."

Wenzake wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine. Baba mdogo alinitazama, nami nikamtazama, nikingoja aniambie atakwenda lini Kihurio kuleta choroko nyingine. Alilitoa jembe majini, akaliweka ukingoni. Kisha akavua kofia yake, na wanaume wote waliokuwa mferejini wakavua zao.

Nikageuka, nikatangulia mbele yake njiani, nikiharakisha ili naye aharakishe.